Mayai ya Baba na Matusi ya Bi Somoe

Wenzangu kazini wanajua kwamba siwezi kukaa chumba kimoja na yai la kuchemsha. Huwa nawaambia harufu yake inanichafua tumbo, na mambo yanaishia hapo. Si kweli. Harufu yenyewe haina neno. Kinachonitesa ni kwamba ganda likivunjwa tu, ule mvuke wa kwanza ukitoka, mate yananijaa mdomoni kama ya mtoto, halafu nakumbuka kwamba yai lile si langu. Juzi dada mmoja alimenya lake mezani, akatia chumvi, akala huku anaangalia simu, nusu akaitupa kwenye ndoo ya takataka. Nilitoka nikasimama uani mpaka nilipotulia.

Ninyi wa rika langu mliokulia Nachingwea miaka ile ya tisini mtanielewa upesi. Baba alikuwa fundi mitambo kwenye kiwanda cha kubangua korosho. Kiwanda kilipofungwa, wenye kwao karibu walifunga virago. Sisi kwetu ni Tunduru, barabara ya wakati ule mnaijua, tukabaki pale pale kwenye nyumba ya kupanga upande wa chini wa soko, tukisubiri mafao ambayo kila mtu alikuwa na habari zake. Hatukusubiri sana kabla baba hajaanza kukohoa. Mwanzoni tulidhani ni vumbi la maganda limemkaa kifuani. Baadaye akaanza kulowesha shuka kwa jasho, na shati lake la kazi likawa linamning'inia mabegani kama limeanikwa.

Nilikuwepo siku muuguzi alipompa mama maelezo. Nilikuwa nimeshika pindo la kanga yake, mdogo wangu yuko mgongoni amelala. Muuguzi alikuwa mama mnene mwenye sauti ya upole, akamwonyesha vidonge vikubwa vyekundu.

"Dawa hizi kali, mama. Hazitaki tumbo tupu. Ale mayai, ale karanga, maharage, mboga za majani. Asipokula, zitamshinda yeye kabla hazijaushinda ugonjwa."

Mimi nilielewa kivyangu. Nilielewa kwamba dawa ni wadudu wenye meno, kwamba baba amewekewa tumboni, na kwamba wasipokuta chakula wataanza kumla yeye mwenyewe. Hata mkojo wake ulipobadilika rangi ukawa kama maji ya kutu, sikushangaa. Nilijua wameshaanza kumwonja. Kwa hiyo nilipomwona mama anahangaika na mayai, sikuona kama anamlisha baba. Niliona anawalisha wale waliomo ndani, wasimguse.

Mama alikuwa anafanya vibarua vya kupalilia mikorosho ya watu huko Mkotokuyana. Ukimaliza kipande ulichopimiwa unalipwa, usipomaliza unarudi kesho. Alichopata hakikutosha, na hakuna aliyekuwa na uwezo wa kukiongeza. Kitu pekee alichokiona kiko mikononi mwake ni bei za sokoni. Hizo aliziandama kwa hasira, kwa miguu, bila aibu, na mimi nyuma yake.

Sukari tulinunua duka la karibu na stendi, kwa kuwa mwenye duka alipima kwa mizani na hakuweka kidole. Mafuta ya taa tulienda nyuma ya msikiti kwa mzee aliyejaza kopo mpaka likamwagika. Dagaa tulinunua jua likizama, wauzaji wakiwa wamechoka na wanataka kufunga. Unga wa muhogo mama aliufuata barabarani, wanawake wa Marambo wakiwa bado na mizigo kichwani, kabla hawajafika sokoni wakaambiwa bei ya mjini. Alikuwa na tabia ya kuingiza mkono ndani ya kopo la kupimia mpaka chini, apapase kitako, kwa sababu wapo waliokuwa wanakigonga kwa nyundo kiingie ndani ili kopo libebe kidogo. Akikikuta kimebonyea alilirudisha kimya kimya, akasema, "Ngoja nizunguke kwanza."

Neno hilo lilinitia aibu kuliko viraka vya sketi yangu. Alilisema kila meza. Wauza duka wakituona tu walianza, "Mkaguzi huyo, ficheni mizani!" Vijana wakacheka. Mama naye alicheka, akauliza bei, akashika, akanusa, akaondoka. Mimi nilitamani tuingie duka moja kama watoto wa wafanyakazi wa wilayani, ninunuliwe kila kitu hapo hapo, nirudi nyumbani nikacheze. Miguu iliniwaka moto. Nikilalamika aliniambia, "Tukizunguka tunapata yai," na hapo nikanyamaza, maana niliwakumbuka wale wadudu.

Sisi wengine tulikula ugali wa muhogo na kisamvu cha chumvi. Msimu mgumu tulichemsha ming'oko, vile viazi vya porini ambavyo siku hizi naona watu wanauziwa kwenye vifuko kama starehe. Sahani ya baba ilikuwa mbali, imefunikwa kawa. Mama alitukataza kumkodolea macho akila. Tulikodoa. Baba alikuwa anatugeuzia mgongo, na sasa nikiwa mtu mzima ndiyo najua mgongo ule ulikuwa unasema nini. Wakati ule niliona anatunyima.

Wanawake wa mtaa wetu walikuwa na utaratibu wa kutumana. Mmoja anapanda lori kwenda Ruangwa, mpaka gulio la Mbekenyera, ananunulia nyumba zote karanga, mbaazi na maharage kwa bei ya shambani, na wenzake wanamchangia nauli. Zamu ya mama ilipofika alinichukua nimsaidie kulinda mizigo, mdogo wangu akabaki kwa jirani. Nakumbuka vumbi, na mama akitafuna karanga mbichi moja ya kila gunia huku amefumba macho, anatafuta uchungu. Alipata karanga nzuri kwa bei ambayo hakuitarajia, akawa anajichekea. Halafu lori likagoma. Dereva akaingia uvunguni akatoka na mikono myeusi, akatwambia tulale hapo.

Mama alitandika kanga juu ya magunia. Mimi sikutaka kulala. Nililia nikamng'ang'ania, nikamwambia turudi kwa miguu, kwamba leo hawajalishwa, watamla. Hakunielewa na hakuuliza nani. Alinishika kichwa akakibana kifuani, na nikausikia moyo wake unavyokwenda mbio. Kumbe naye alikuwa anawaza hayo hayo kwa maneno mengine. Kesho yake tulipofika stendi alijitwika gunia akakimbia nalo, mtu mzima, mbele za watu, kanga inafunguka. Tulimkuta baba amekaa mlangoni juani. Jirani alikuwa amempa uji. Mama aliliweka gunia chini akakaa juu yake.

Lakini mayai yalikuwa kwa Bi Somoe, na Bi Somoe nilimwogopa kuliko mtu yeyote Nachingwea.

Alikuwa Mmwera, mfupi, mweusi wa kung'aa, ana kipini kidogo cha fedha puani na sauti ya kuitia ng'ambo ya bonde. Mayai alikusanya vijijini, akayauza kwenye ungo uliojaa pumba za mpunga yasigongane. Hakuna aliyekuwa na bei ya chini kama yake, na yale yaliyopata ufa alimtupia mama bure. Tatizo ni maneno aliyoyatoa pamoja na mayai hayo. Siku ya kwanza niliyokwenda kwake na mama, hatujafika hata mezani, Bi Somoe alisimama akaweka mikono kiunoni.

"We Myao! Ntu wako hajafa bado? Sisi njaa inatuuma huku, tunangoja pilau la matanga, yeye anakula mayai tu!"

Nilimtazama mama nikidhani atalia. Mama alitema mate pembeni.

"Pilau gani la kuwapa nyie? Wamwera wakija msibani hata panya wa nyumbani wanahama kwa hofu ya kuliwa!"

"Panya wetu watamu. Nyie mkipewa panya mtaanza kuuliza bei!"

"Afe kwa ajili yako, we kibogoyo? Utatafuna nini?"

Na hivyo hivyo, mpaka watu wakajaa, mpaka mayai yakafungwa kwenye kanga na bei ikashuka, na sisi tukaondoka. Wewe msomaji umeshajua. Mimi nilijua utani wa babu na mjukuu tu. Huu wa Wayao na Wamwera sikuwa nimefundishwa na mtu. Niliona wanawake wawili wanaochukiana, na mmoja anasema hadharani kwamba anataka baba yangu afe. Tena ndiye anayetuuzia chakula cha baba, kwa bei rahisi isiyoelezeka. Akili ya mtoto ilifanya hesabu yake ikamaliza. Yale mayai yana kitu.

Nilimwomba mama tununue kwingine. Akasema kwingine ni ghali. Nikamwambia basi tuzunguke, na yeye, bingwa wa kuzunguka, akasema hapana, kwa mayai tumeshafika. Kwa hiyo jioni ile nilikwenda kitandani kwa baba mwenyewe. Sahani ilikuwa mapajani mwake, yai limemenywa, jeupe.

"Baba, usile."

"Kwa nini, mama?" Aliniita mama kwa kuwa nimepewa jina la mama yake.

"Bi Somoe anataka ufe. Amesema sokoni, watu wote wamesikia. Anataka pilau."

Baba aliweka sahani pembeni. Akaanza kucheka. Alicheka kikohozi kikampata, akakohoa akashika ukuta, akarudi kucheka tena na machozi yanamtoka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu kiwanda kifungwe.

"Amesemaje hasa? Niambie yote, usiruke neno."

Nikamwambia, la panya na la kibogoyo. Alipiga paja. Akanieleza kidogo kwamba yule ni mtani, kwamba wazee wa zamani walipigana wakachoka, wakaamua watukanane badala yake. Sikuelewa sana. Nilichoelewa ni kwamba huku anacheka alichukua yai akalila lote, akala na karanga, akaomba na maji.

Kuanzia hapo nikawa na kazi. Tukitoka sokoni, kabla mama hajawasha moto, baba alikuwa ananiita. "Njoo, mama. Leo nimetukanwaje?" Nami nilikuwa nimesimama kwa Bi Somoe nimekaza masikio kama mtoto anayekariri, nisipoteze hata moja. Amesema utakufa kwa kuvimbiwa. Amesema jeneza lako litabebwa na watoto, maana una uzito wa unyoya. Amesema Wayao mnajifanya kuumwa ili mle mayai. Nilimwiga na mikono kiunoni. Baba alicheka, akala. Nilianza kumpenda Bi Somoe kwa siri, na kwa kipindi fulani nilidhani tumeshinda. Mashavu ya baba yalirudi kidogo. Alitoka mpaka uani akatengeneza redio ya jirani. Mama alizunguka zaidi, akapalilia zaidi, akakonda yeye.

Halafu, sijui lini hasa, mayai yakaanza kubaki. Kwanza nusu. Kisha baba alikuwa analishika tu mkononi kwa ule ujoto wake, analirudisha kwenye sahani. Mama alijaribu kulisaga kwenye uji. Alijaribu kumbembeleza, akajaribu kumgombeza, akatoka nje akagombeza kuku wa jirani. Hospitali walibadilisha vidonge. Hatukuambiwa sisi watoto chochote. Tuliambiwa tucheze mbali.

Siku moja tulikwenda kwa Bi Somoe kama kawaida. Mama ndiye aliyemwanza, kwa sauti ya juu, "We mla panya, bado upo?" Nikakaza masikio. Bi Somoe aliinua uso, akamtazama mama kwa muda. Alitazama mifupa ya shingo, na macho. Akasema polepole, kwa heshima, kama unavyozungumza na mgeni.

"Habari za mgonjwa, mama? Pole. Mungu atamjalia."

Akachagua mayai makubwa, akamkabidhi kwa mikono miwili, na bei hakutaja.

Mama hakuyapokea. Nilimwona anabadilika rangi.

"Nitukane," akasema.

"Mwenzangu..."

"Nitukane, Bi Somoe. Huyu mtoto atamwambia nini baba yake?"

Bi Somoe alifungua mdomo. Aliweka mikono kiunoni, kweli aliweka, akasema, "We Myao..." Akainamia ungo wake akaanza kupangua pumba. Mama alikaa chini palepale, kwenye vumbi la soko, katikati ya njia ya watu. Hakuna kijana aliyecheka. Ndipo nilipojua, kwa mara ya kwanza na bila kuambiwa, kwamba baba atakufa. Upole wa yule mama ulinitisha kuliko matusi yote aliyowahi kuyasema.

Jioni baba aliita kwa sauti ndogo. "Leo nimetukanwaje?"

Nilisimama na mikono kiunoni. Sikuwa na kitu. Nikamtungia. Nikasema, amesema ukifa yeye haji, ana karanga za kupepeta.

Alitabasamu bila kufungua macho. "Atakuja huyo," akasema.

Na kweli alikuja. Alikuja asubuhi, uani pamejaa wanawake, ndani wanaume wanakata sanda, kilio kimetanda. Mama alikuwa amekalishwa kwenye jamvi, macho makavu, hajalia tangu alfajiri, na wazee walikuwa wananong'onezana kwamba hali ile si nzuri. Bi Somoe hakupiga hodi. Alikwenda moja kwa moja jikoni, akatungua ukutani kikapu cha mama cha sokoni, akajifunga kanga kama mama anavyofunga, akainama mgongo kidogo kama mama alivyokuwa anainama. Akaingia mpaka kwenye kizingiti cha chumba cha wanaume, akashika ncha ya bafta nyeupe kwa vidole viwili, akaisugua, akainusa.

"Hii mmenunua bei gani?" akauliza. Ilikuwa sauti ya mama kabisa. "Eeh! Ghali! Wamewaibia! Mbekenyera ipo ya bei chini. Msimzike kwanza, ngojeni nizunguke!"

Akazunguka. Alizunguka ua mzima na kile kikapu, akaingiza mkono kwenye masufuria ya msiba, akapapasa vitako, akawauliza waombolezaji machozi yao wanauza fungu kiasi gani. Wanawake walianza kucheka huku wanalia, wengine wakijiziba midomo kwa kanga. Mimi nilimtazama mama. Mdomo ulimcheza. Kicheko kikamtoka, kikubwa, cha ghafla, na nyuma yake kikaja kilio ambacho sijapata kukisikia tena kwa binadamu. Bi Somoe alitupa kikapu akamkimbilia, akamkumbatia wakaanguka wote kwenye jamvi, na wanaume wakatumia nafasi hiyo kumtoa baba.

Mama alikaa eda. Majirani walitununulia vitu, na Bi Somoe alileta maharage bila kuitwa. Siku eda ilipokwisha mama alioga, akavaa kanga mpya aliyopewa na dada zake, akanishika mkono tukaenda sokoni. Nilikuwa nimejiandaa. Nilivaa viatu, maana nilijua safari yetu: stendi, nyuma ya msikiti, barabara ya Marambo, turudi.

Pale pembeni mwa mtaa wetu palikuwa na duka kubwa la vioo, ambalo hatukuwahi hata kusimama mbele yake. Mama alipanda ngazi akaingia. Akasema, "Nipe sukari, na sabuni, na mafuta ya taa." Hakuuliza bei. Mwenye duka alipima kidole kikiwa kwenye mizani, niliona kabisa, na mama alikuwa anaangalia ukutani. Akatoa pesa akaziweka mezani.

Nilimvuta kanga. Nilikuwa karibu kulia. "Mama, kule stendi ni rahisi. Mama, tuzunguke."

Aliniangalia kama mtu anayejaribu kukumbuka jina langu.

"Tunamwekea nani sasa?" akasema.

Tukateremka ngazi tukarudi. Tulifika nyumbani mapema mno, jua likiwa bado juu, na tulikuwa hatuna la kufanya.